Vista ilisusiwa, 7 ikapendwa: watu hukataa nini hasa kwenye toleo jipya?

Fundi_Mkongwe (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda. Nimewahudumia watumiaji wa kompyuta kwa miaka mingi, na kuna swali linanirudia kila mfumo endeshi mpya unapotoka. Naomba tulilinganishe hapa bila ushabiki.

Chukueni Windows Vista na Windows 7. Vista iliwafikia watu wa kawaida Januari 2007, wengi wakaisusia na kubaki na Windows XP yao ya 2001. Ikaja 7, Oktoba 2009, ikapokelewa kwa mikono miwili. Lakini ukiifungua kwa ndani, 7 ni mtoto wa Vista kabisa. Hata namba ya ndani inakwambia: Vista ni 6.0, 7 ni 6.1. Sasa kama watu walikataa teknolojia, mbona waliikubali ileile miaka miwili na ushei baadaye?

Mimi nasema tatizo lilikuwa draiva (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuongea na vifaa) na maswali. Vista ilibadilisha namna draiva zinavyoandikwa, na watengenezaji wa printa, skana na kadi za michoro wakachelewa kuzitoa. Mtu aliweka mfumo mpya, printa nzima kabisa ikawa haitambuliki. Halafu kile kidirisha cha ruhusa: skrini inafifia, kila kitu kinasimama, unaulizwa kama unaruhusu. Unaruhusu. Unagusa mpangilio mwingine, inafifia tena. Mwishowe watu walikuwa wanabofya ndiyo bila kusoma, au wanakizima kabisa, na hapo ulinzi wenyewe umekwisha kazi. Kufikia 2009 draiva zilikuwa zimekamilika, kompyuta zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kutosha, na maswali yamepunguzwa. Vista ililima, 7 ikavuna.

Mnaonaje?

Mwana_Hesabu

Mkuu, mimi si mtu wa kompyuta, ni mtu wa kuzitumia. Naongea upande wa mezani.

Mwisho wa mwezi huwa nimefungua majedwali manne na folda mbili, na macho yangu yako kwenye karatasi, si kwenye skrini. Mkono ndio unaojua njia. Bofya kulia, shuka kidogo, nakili. Siku moja nikakuta mfumo umebadilishwa. Nikabofya kulia, "nakili" haipo. Nilitafuta hadi nikaona vialama vidogo vimepangwa mstari mmoja ukingoni mwa menyu, havina hata neno. Mambo mengine yamefichwa nyuma ya kitufe kingine, hivyo kila kilichokuwa hatua moja sasa ni mbili. Nafanya kitendo hicho mara nyingi mno kwa siku.

Hakuna kilichoharibika, nakubali. Ila niliporudi kwenye karatasi nilikuwa nimesahau nilikuwa namba ya ngapi, nikaanza kujumlisha upya. Hicho ndicho kinachoniudhi: kunyang'anywa kitu nilichokwisha kukijua, bila mtu kuniuliza.

Kipanya_Cheupe

Dada hapo umegusa penyewe, na unampinga Fundi kidogo.

Fundi, nadharia yako ya draiva inaielezea Vista tu. Iweke mbele ya Windows 8 uone inavyokwama. Windows 8 ilitoka Oktoba 2012. Ilikuwa inawaka haraka kuliko 7, haikudai mashine yenye nguvu zaidi, na draiva za 7 nyingi zilifanya kazi. Kwa vipimo vyako ilipaswa kupendwa. Ikakataliwa, kwa sababu walitoa kitufe cha Start na kumtupa mtu kwenye ukurasa wa vigae vilivyobuniwa kwa kidole, wakati yeye ameshika kipanya. Hata kuizima kompyuta ilibidi usogeze mshale hadi pembeni mwa skrini, mahali ambapo hapana alama yoyote.

Toleo la 8.1, Oktoba 2013, lilirudisha kitufe, lakini ukikibofya kinakupeleka kwenye vigae vilevile. Watu hawakuwa wanalilia kitufe, walitaka menyu. Menyu ilirudi na Windows 10, Julai 2015, na hasira nyingi zikapoa.

Kwa hiyo ukilinganisha: Vista ilivunja vifaa, 8 ilivunja mazoea, na zote mbili zikasusiwa.

Fundi_Mkongwe

Nakubali, mkuu. 8 sikuiweka kwenye mizani, na inaniangusha. Basi niseme hivi: mtu huweka faida anayoiona upande mmoja, na kazi anayolazimika kujifunza upya upande wa pili. Kuwaka haraka unakuona mara moja asubuhi. Menyu unaikosa siku nzima.

Mlinzi_wa_Lango

Naomba nisimame upande ambao hamtaupenda. Wanaokataa toleo jipya mara nyingi hukataa na viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya mfumo, na hapo ndipo watu wanaumia.

Kumbukeni WannaCry, Mei 2017, programu haribifu iliyofunga faili za watu na kudai pesa. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa kwa sababu faili zilikuwa zimefungwa. Kiraka cha tundu ililopitia kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili kabla. Wengi wanadhani walioathirika walikuwa wa XP, lakini kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa za Windows 7, ambayo bado ilikuwa inapewa viraka. Kiraka kilikuwepo, hakikuwekwa.

Mkiniuliza nichague kati ya menyu mbaya na faili zangu zote kufungwa na mtu nisiyemjua, nachagua menyu mbaya kila siku.

Kipanya_Cheupe

Mlinzi, uko sahihi, ila jiulize kwa nini viraka vinaogopwa. Vinakuja gunia moja na mabadiliko ambayo hukuyaomba. Sasisho kubwa la Windows 10 la Oktoba 2018 lilifuta faili za baadhi ya watumiaji, usambazaji ukasimamishwa, likatolewa upya Novemba. Mtu aliyesikia habari ile, kesho ukimwambia asasishe kwa usalama wake, anakuangalia tu. Na 2016 palikuwa na kidirisha cha kuhamia Windows 10 ambacho ukibofya alama ya kukifunga kilihesabiwa kuwa umekubali. Watu waliamka wakakuta mfumo mwingine. Baada ya hapo utamwambiaje mtu akiamini kidirisha chochote?

Pengwini_Mtulivu

Huku kwetu Linux, mfumo endeshi huria, tumepitia yaleyale, ila mwisho wake ulikuwa tofauti. GNOME 3, sura ya mbele ya Linux (madirisha na menyu), ilitoka Aprili 2011 ikiwa imebadilisha karibu kila kitu cha mbele. Walioichukia walichukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE, na watu wa Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, wakajenga sura yao, Cinnamon. Aliyeipenda GNOME 3 alibaki nayo. Ubuntu, toleo jingine la Linux, nao wakaweka sura yao, Unity, mwaka huohuo, wakarudi GNOME mwaka 2017.

Kwangu tofauti kubwa iko hapa: sura ya mbele na mtambo wa ndani ni vitu viwili. Nabaki na sura ninayoijua, huku viraka vinaingia. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hutoka kila miaka miwili na hutunzwa miaka mitano, kwa hiyo napanga mwenyewe nihame lini.

Sisemi ni pepo. Programu fulani za ofisi hazipo huku, na dada Mwana_Hesabu kama majedwali yako yana makro (amri zinazojiendesha ndani ya jedwali), yajaribu kwanza kabla hujahama.

Upande wa Apple nao wanayo mifano miwili. Snow Leopard, toleo la mfumo wa Mac la 2009, waliitangaza kwamba haina vipya vya kushangaza, kazi kubwa ilikuwa kurekebisha na kuharakisha, na hadi leo watumiaji wa zamani huitaja kwa mapenzi. Catalina ya 2019 ikaacha kuendesha programu za biti 32 (za mtindo wa zamani), na mwenye programu ya zamani aliyoitegemea akabaki toleo la nyuma. Hakuwa mkaidi, alikuwa na kazi ya kumaliza.

Mwana_Hesabu

Na hii 11 je? Ndugu yangu anayo kompyuta nzuri tu, anataka kuhamia, inamkatalia.

Fundi_Mkongwe

Hiyo ndiyo ya ajabu kwenye orodha nzima, dada. Kwingine mtumiaji alilikataa toleo. Hapa toleo linamkataa mtumiaji. Windows 11, Oktoba 2021, inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa ya karibuni, kwa Intel kuanzia takriban kizazi cha 8. Kompyuta yenye RAM na diski za kutosha inabaki nje. Windows 10 nayo uangalizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Mwambie kwanza aingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Mashine nyingi TPM zinayo, imezimwa tu. Ikiwa prosesa ndiyo inayokataliwa, ajiandikishe kwenye mpango wa viraka vya ziada, ambao kwa mtu binafsi unafika Oktoba 2026, na muda huo aijaribu Linux kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Achomeke printa yake. Afungue faili zake halisi, zile anazozifanyia kazi. Kulazimisha 11 kwenye mashine iliyokataliwa simshauri, maana hana uhakika wa masasisho ya mbele.

Pengwini_Mtulivu

Dada, na ile menyu yako iliyofupishwa: chagua faili, kisha bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Kama ndiyo ile ninayoidhania, menyu ndefu ya zamani itafunguka.

Mwana_Hesabu

Nimejaribu sasa hivi. Imefunguka yote, na maneno yake! Miezi minane hakuna aliyeniambia. Asante sana, kaka. Naenda kuwaonyesha na wenzangu wa meza ya jirani.