Moyo umekasirika: naweza kumwambia Mungu hivyo?

Mama wa Sambaza, Bukavu

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba mnijibu kwa Neno, si kwa kunionea huruma.

Ninauza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Alfajiri niko bichi nikingoja mitumbwi, na hapo ndipo ninaposoma Biblia, kwa tochi ya simu, nimekalia beseni niliyoigeuza. Wakati wa mwezi mpevu ninasoma sana, maana samaki hawafuati taa za wavuvi ziwa likiwa jeupe, na wanaoteremka na mzigo ni wachache. Kurasa za Zaburi zimeshika magamba, zinang'aa.

Ninasoma Zaburi tano kwa siku ili zote 150 ziishe kwa mwezi. Juma hili nikakutana na ya 13. Daudi anauliza "hata lini" mara nne, mwanzoni kabisa. Nikaifunga.

Tangu benki zifunge hapa Bukavu mwezi wa pili 2025, akiba yetu wamama wa soko ni likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu. Mama aliyekuwa anashika pesa zetu aliondoka nazo, na zamu iliyokuwa inafuata ni yangu. Ilikuwa minervali, karo ya shule ya watoto. Kwenye maombi wananiambia niseme tu "Mungu ni mwema", nisitamke mengine yasije yakanipata. Ni mwema, ninaamini. Lakini asubuhi ninasema asante kwa mdomo, na moyo uko kwa yule mama na pesa yangu. Je, nimwambie Mungu kwamba nimemkasirikia yule mama, na Yeye pia, kwa sababu aliona akanyamaza? Ama ni dhambi?

Kijana wa Goma

Pole sana mama. Mimi ninaogopa njia hiyo. Soma Hesabu 14: Waisraeli walinung'unika, na kizazi kile hakikuingia Kanani. Ningekushauri ukae kwanza kwenye zaburi za sifa, 145 hadi 150, mpaka moyo upoe.

Katekista wa Kadutu

Tumsifu Yesu Kristu. Mdogo wangu wa Goma, rudi kwenye hiyo Hesabu 14 uangalie walikuwa wanaongea na nani. Walikuwa wanasemezana wao kwa wao, wachague kiongozi awarudishe Misri. Walimpa Mungu mgongo. Mtu wa Zaburi 13 amemgeukia Mungu uso kwa uso, anamwuliza Yeye mwenyewe. Haya mawili hayafanani hata kidogo, na inaniuma tunapoyachanganya, maana tunawafunga watu midomo mbele ya Baba yao.

Mama, soma Ayubu 42:7. Waliokemewa ni wale marafiki waliomtetea Mungu kwa maneno mazuri. Ayubu, aliyelia na kubishana, ndiye aliyeambiwa amesema yaliyo sawa. Yeremia 20:7 alimwambia Bwana kwamba amemhadaa. Na Zaburi 88 haina shukrani mwishoni, inaishia gizani. Sisi Wakatoliki, katika Sala ya Kanisa, ile ya zaburi inayosaliwa kila siku kwa saa zake, hiyo ndiyo zaburi ya kabla ya kulala kila Ijumaa. Kweli, mwaka 1971 zaburi tatu za laana, 58, 83 na 109, ziliondolewa katika sala hiyo, lakini katika Biblia zipo, na ya 109 ni ya mtu aliyelipwa mabaya kwa mema. Mtajie Mungu yule mama kwa jina, na pesa kwa hesabu yake. Hana, mama yake Samweli, alimimina roho yake mbele za Bwana mpaka kuhani Eli akamdhania mlevi.

Yaya wa Lubumbashi

Mama, mimi nilipitia hapo mume wangu alipoachishwa kazi ya mgodi. Nilikuwa ninasoma mstari mmoja kwa sauti, ninasimama, ninasema wangu, ndipo ninaendelea. Zaburi 13 ina mistari sita tu, na kwenye wa tano Daudi anasema ameitumainia fadhili ya Mungu. Asikulazimishe mtu kufika hapo asubuhi hiyohiyo. Mimi nilikaa sana kwenye ya kwanza miwili. Na hiyo pesa, pelekeni pia neno kwa mkubwa wa avenyu, kiongozi wa mtaa wenu, kusali hakuzuii.

Mama wa Sambaza, Bukavu

Asanteni wote, na wewe kijana wa Goma, najua umesema kwa upendo. Kwa mkubwa wa avenyu tulikwisha kwenda.

Leo nimeisoma ya 13 kwa sauti. Nilimtaja kwa jina. Nikamwuliza Mungu alikuwa wapi siku ile, nikalia, na wenzangu kwenye bichi wakadhani nimefiwa. Mstari wa tano bado sijausema kuwa wangu.

Katekista, nimefungua na ile 109. Mstari wa 9 na wa 10 vinawaombea mabaya watoto wa adui. Watoto wa yule mama ninawafahamu, walikuwa wanakula kwangu wakitoka masomo. Hao siwezi. Mistari hiyo niiruke, ama kuna namna ya kuisali?