Naomba ushauri: hita ya shawa inazingua

Habari zenu wakuu, niko Tanga mjini, nina hita ya shawa ya umeme imeandikwa 5.5 kW, bafu lenyewe dogo hata kugeuka shida. Ukiiwasha dakika mbili tatu maji yanakuwa moto vizuri halafu ghafla yanapoa, ukizima ikapumzika inarudi tena, na humu ndani kuna mzazi ana wiki mbili tu, maji ya baridi hayawezi. Kichwa cha shawa nimekisafisha kilikuwa kimejaa chumvi, swichi nimebadilisha, bado. Jana nimefungua kifuniko nikakuta waya umebabuka pale kwenye konekta, plastiki inanuka, nikazima breka kabisa tunachemshia mkaa. Fundi aliyefunga aliweka waya wa 2.5 (unene kwa mm²) na sasa hivi simu hapokei, ndo mafundi wetu. Je, tatizo ni huo waya au elementi (ile koili inayochemsha maji) imechoka? Na nikibadili niweke wa 4 au wa 6?