Naomba ushauri: nyimbo zipi za kufunga albamu za Weird Al nizipige redioni Lubumbashi?

Mwana wa Kamalondo

Jambo yenu wote. Naomba ushauri, na naomba mniambie kweli hata kama itauma.

Redio moja ya mtaa hapa Lubumbashi imenipa saa nzima Jumapili ijayo, kuanzia saa 1 jioni mpaka saa 2. Mada nimechagua mwenyewe: nyimbo zinazofunga albamu za Alfred Yankovic, yule Mmarekani anayeitwa "Weird Al". Kwa asiyemjua, ni mwanamuziki wa vichekesho, alizaliwa 1959 California, anapiga akodioni tangu utotoni, na kati ya 1983 na 2014 ametoa albamu 14 za studio. Ile ya 14, Mandatory Fun, ilishika namba 1 kwenye chati ya Billboard. Albamu ya vichekesho ilikuwa haijafika hapo tangu 1963.

Sisi ni watu watano, tunakutana kwenye lupango (kiwanja cha nyumba) ya mwenzetu huku Kamalondo, na albamu zote tumezisikiliza mwanzo hadi mwisho. Tulijaribu kupanga zile nyimbo 14 za kufunga, ya kwanza mpaka ya mwisho, tukashindwana vibaya. Mmoja anasema "Albuquerque" ya 1999 ndiyo mfalme na hataki mjadala. Mwingine ameshikilia "The Biggest Ball of Twine in Minnesota" ya 1989, ule wa familia inayosafiri kwa gari kwenda kuangalia donge kubwa la kamba. Moyo wangu mimi uko kwa "Jackson Park Express" ya 2014. Wiki mbili sasa hatujakutana.

Zote 14 zikipigwa mfululizo zinachukua kama saa moja na robo. Ukitoa maneno yangu na matangazo, naweza kupiga tano tu. Nipige zipi, na kwa mpangilio gani?

Jambo la pili ndilo linaninyima usingizi. Wengi wanaosikiliza redio hiyo hawajui Kiingereza, wala hawajui zile nyimbo maarufu za Marekani ambazo yeye huziiga. Kichekesho kisipoeleweka kinabaki kelele.

La mwisho ni "Christmas at Ground Zero" ya 1986. Ni wimbo wa Krismasi, una kengele na shangwe zote, lakini kinachoshuka toka mbinguni ni mabomu ya nyuklia. Wawili kati yetu wanasema lazima upigwe Katanga kuliko pengine popote, kwa sababu ya Shinkolobwe, ule mgodi wetu wa urani. Sijaamua.

Mtoto wa Katuba

Yaya, mkubwa wangu, miye niko mu Katuba, nitasikiliza. Anza na ile "Bohemian Polka" ya akodioni, njo bantu batasimama. Lakini ile "Albuquerque" ya dakika kumi na moja, hapana. Bantu bataenda kulala!

Mzee wa Sebene

Mwanangu, umri wangu umenifundisha kitu kimoja kuhusu miziki yetu: mwimbaji anakusimulia habari zake polepole, anakulilia mapenzi, halafu gitaa linashika na sebene, ile sehemu ya kucheza, inaanza. Hapo ndipo mama anaweka sahani ya bukari (ugali) chini na kusimama. Wimbo wa kufunga albamu mimi naupima hivyo hivyo. Siulizi ni mtamu kiasi gani ukiwa peke yake. Nauliza, baada ya kusikia nyimbo kumi zilizoutangulia, huu unanisimamisha?

Kwa kipimo hicho "Mr. Frump in the Iron Lung", uliofunga albamu ya kwanza 1983, unabaki nyuma. Ni mfupi, hata dakika 2 haufiki, na habari yenyewe ni ya mgonjwa ndani ya mashine ya kupumulia. Kwetu tunaishi na watu waliopoozwa na polio, usiuguse. "Bohemian Polka" ya 1993, hiyo ndiyo sebene. Alichukua wimbo mzima wa bendi ya Queen, "Bohemian Rhapsody", akaukimbiza kwa mwendo wa polka, ile dansi ya haraka ya Ulaya, na akodioni mbele. Wazee wenzangu wanamkumbuka Camille Feruzi na akodioni yake. Anza nao, utupate sisi kwanza, vijana watafuata.

Mwalimu Kampemba

Nafundisha Kiingereza shule ya sekondari, na hilo swali lako la pili ndilo ninalopambana nalo kila siku darasani. Nadhani jibu umelibeba mwenyewe bila kuliona.

Angalia orodha yako vizuri. Yankovic anajulikana kwa kuchukua wimbo wa mtu uliovuma na kuubadilisha maneno. Lakini kati ya albamu 14, hakuna hata moja aliyoifunga kwa wimbo wa namna hiyo. Mbili zinafungwa na polka: "Hooked on Polkas" ya 1985, mseto wa vipande vya nyimbo za wanamuziki wengine, na hiyo "Bohemian Polka". Zile 12 zilizobaki katunga yeye. Mara nyingi anaazima namna ya mtu fulani, kama mwanamuziki Frank Zappa kwenye "Genius in France" ya 2003, lakini maneno na melodia ni vyake.

Maana yake msikilizaji wa hapa mjini, wa mtaa wa Ruashi au wa Kenya, hahitaji kujua wimbo wowote wa Marekani kabla. Anahitaji hadithi tu, na hadithi unaweza kumpa kwa Kiswahili. Hebu fikiria "Jackson Park Express". Kijana amepanda basi Chicago. Anaingia msichana, wanatazamana. Kwa dakika 9 kijana anaamini wanazungumza kwa macho: akikohoa, basi amemwambia jambo, akigeuza shingo, amejibu. Anajenga mapenzi mazima kichwani, mpaka msichana anashuka kituoni kwake na kwenda zake. Nani hapa hajapanda taksibasi akayaona hayo? Kabla ya kuupiga, simulia kwa dakika 2, weka safari yenyewe kati ya Katuba na mjini, halafu nyamaza uwaachie melodia. Inasikitisha na kuchekesha kwa pamoja, na huzuni haitaki mkalimani.

Namba moja yangu ni huo huo, kwa hiyo napendelea upande wako. Lakini hoja ya hadithi inasimama hata ukichagua mwingine.

Fundi wa Flashi

Mimi kazi yangu ni kuwachajia watu nyimbo kwenye simu na flashi, kwa hiyo naomba "Don't Download This Song" wa 2006 usikose. Kwaya kubwa, sauti za kulilia dunia, na wanachokulilia ni kwamba usipakue wimbo kwenye intaneti. Halafu yeye mwenyewe aliutoa bure kwenye intaneti kabla albamu haijatoka! Wateja wangu watauelewa kabla hujamaliza kuueleza.

Pia nakupa tahadhari ya kiufundi. Ukichagua "You Don't Love Me Anymore" wa 1992, chunguza faili lako limetoka wapi. Kwenye diski, wimbo ukiisha kuna kimya cha kama dakika 10, halafu inalipuka kelele ya sekunde chache iliyofichwa. Albamu ile iliwatania bendi ya Nirvana, kuanzia picha ya jalada, na Nirvana nao walificha wimbo mwishoni mwa diski yao. Nyumbani ni raha. Redioni, dakika 10 za kimya na watu watadhani umeme umekatika, watahama masafa. Kata pale gitaa linapoishia.

Mama Ibada

Mwanangu, "Nature Trail to Hell" wa 1984 uache. Najua ni tangazo la mzaha la sinema ya kutisha, na najua kwamba ule ujumbe aliouweka kinyumenyume ni kejeli kwa watu walioogopa ujumbe wa shetani kwenye sahani za santuri. Lakini Jumapili jioni watu wametoka kanisani, na wewe huna nafasi ya kumweleza kila mmoja. "You Don't Love Me Anymore" uweke. Binti zangu waliposikia gitaa lile laini walidhani ni wimbo wa harusi, mpaka nilipowatafsiria kwamba huyo mpenzi anajaribu kumuua jamaa kila siku, na jamaa bado anajiuliza kama penzi limepungua. Walicheka mpaka machozi.

Likasi Daima

Kuhusu "Christmas at Ground Zero", mimi ni mmoja wa wanaosema upigwe. Shinkolobwe iko karibu na kwetu Likasi. Urani iliyochimbwa pale na Union Minière ilivuka bahari kwenda Marekani, ikaingia kwenye bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baba zetu walibeba yale mawe kwa mikono. Watoto wa Lubumbashi wengi hawajui. Sasa anakuja Mmarekani, mwaka 1986, dunia nzima ikiogopa vita vya nyuklia, anawaimbia wenzake wacheze chini ya mabomu. Wimbo ule unawasuta wao, na sisi tuna haki ya kuusikia kuliko wengi. Ueleze Shinkolobwe dakika 3, kisha uupige. Kwangu ndio wimbo wa kufunga wenye maana kuliko wote 14.

Birere 243

Ndugu wa Likasi, historia hiyo naiheshimu na nataka watoto waijue. Lakini niko Goma. Januari 2025 tulilala chini, magodoro tumeyaegemeza kwenye madirisha, tukihesabu milipuko. Huko Lubumbashi mna ndugu wengi waliotoka kwetu na Bukavu, na watakuwa wanasikiliza redio jioni hiyo kama kila mtu. Kengele za Krismasi, halafu king'ora, halafu mlipuko. Atakayewasha redio katikati hatakuwa amesikia maelezo yenu ya dakika 3.

Hata kwao Marekani redio nyingi ziliuweka pembeni baada ya Septemba 2001, kwa sababu "Ground Zero" likawa jina la pale minara ya New York ilipoangushwa. Wimbo ni mzuri. Wakati wake si huu.

Likasi Daima

Ndugu, nimekusoma mara mbili. Pole sana, na poleni nyote. Naondoa ombi langu kwa Jumapili hii. Yaya, nikiandika ukurasa mmoja wa Shinkolobwe, utausoma siku nyingine bila wimbo?

Mwana wa Kamalondo

Nitausoma. Aksanti sana ndugu wa Birere, hilo nilikuwa silioni. Nilikuwa nawaza bomu la 1945 tu.

Mwalimu, hiyo ya nyimbo 12 alizotunga mwenyewe imenifungua macho. Tumebishana mwaka mzima hatujawahi kuihesabu.

Imebaki "Albuquerque". Naogopa kuupiga na naogopa kuuacha.

Gitaa la Bel-Air

Usiuache, na tafadhali usiukate. Najua utashauriwa upige dakika 4 halafu ufifishe sauti. Ukifanya hivyo umeuua, kwa sababu urefu ndio kichekesho chenyewe. Jamaa anaanza kwa kulalamikia kabichi ya kuchachushwa aliyolishwa na mama yake utotoni. Anashinda tiketi ya ndege kwenye shindano la redio, ndege inaanguka, anapona yeye peke yake, anaingia duka la madonati na kuuliza aina moja baada ya nyingine, na kila anayoitaja haipo. Dakika ya 11 ndipo anakubali kwamba alichotaka kusema toka mwanzo ni kuwa haipendi ile kabichi.

Kila familia ina mjomba wa hivyo. Unamuuliza habari za safari ya Kasumbalesa, anaanzia kwenye ndoa ya babu yake. Na watu wa Lubumbashi tumekulia kwenye michezo ya kikundi cha Mufwankolo, tunajua kumsubiri mtu anayezungusha maneno mpaka afike. Wasimulie kwanza kama mjomba, kwa sauti ya mjomba, ukomee pale dukani. Mwisho usiutoe. Waambie tu: msikilizeni mpaka aseme neno moja la chakula kwa hasira. Wape hilo neno, *sauerkraut*, walitamke mara mbili. Hata asiyejua Kiingereza atalisubiri.

Mtoto wa Katuba

Eh, ukieleza vile, miye nabakia macho. Weka.

Mwana wa Kamalondo

Nimekaa na kalamu usiku huu. Mpangilio ni huu, na wenzangu wanne nimewatumia pia.

Naanza na "Bohemian Polka", kwa heshima ya Mzee wa Sebene, dakika 3 na nusu hivi. Inafuata "Don't Download This Song", inakaribia dakika 4. Halafu nasimulia taksibasi ya Katuba na kuingia "Jackson Park Express", 9. Kisha "You Don't Love Me Anymore", 4, nimeshakata kimya chote. Na "Albuquerque" mzima, bila kuguswa, dakika 11 na sekunde ishirini na kitu. Jumla ni kama dakika 32 za muziki, zilizobaki ni za maneno na matangazo.

Rafiki yangu wa donge la kamba amekasirika, nimemwelewa. Nimemwahidi kwamba tukikutana tena lupangoni tutaanza na wake kabla mtu hajafungua mdomo, na amekubali kuja studio kunishikia saa. Nikishasimulia habari za mjomba, "Albuquerque" lazima uanze dakika ya 47, sababu habari zinaanza saa 2 kamili na mtangazaji hasubiri mtu.

Fundi, nitapita kwako Ijumaa mchana na flashi. Naomba faili safi la ule wa 2014, langu linakwaruza pale msichana anaposhuka.