Mrejesho: Mwanangu na Krismasi kwa babu yake huko Arua, Uganda

Mwezi Novemba niliomba ushauri kuhusu mwanangu wa miaka 6, ambaye kila Krismasi tukifika kwa babu yake huziba masikio, hujificha nyuma ya gauni langu na kulia mpaka watu wananiambia nimemdekeza.

Ushauri wa kutangulia kabla ya umati ndio uliotufaa zaidi. Tuliondoka Kampala alfajiri ya tarehe 23, tukavuka Nile pale Karuma na tena Pakwach, naye akapata siku nzima ya kuizoea nyumba ikiwa bado kimya. Shangazi yake alimpa ungo wa karanga abambue, na wageni walipoanza kuingia alikuwa na kazi mikononi, hivyo hakuna aliyemshangaa.

Kuhusu salamu, nilimwomba bibi yake mapema kwamba mtoto asalimie kwa mkono, asilazimishwe kukumbatiwa. Bibi alikubali, lakini mjomba mmoja (hawakosekani) alimnyanyua juu mbele ya watu, na kilio kikaanza. Nilimpeleka chini ya mwembe nyuma ya jiko, tukakaa bila kusema neno mpaka mwenyewe aliponiuliza kama kuku amekwisha.

Spika zilipofunguliwa baada ya chakula, alinivuta kitenge mara mbili, ishara tuliyokubaliana tangu nyumbani, tukatoka. Zamani angepiga mayowe kwanza.

Pasaka tutakwenda tena, ila tutalala siku 2 badala ya 5, kwani kufikia siku ya nne alikuwa amechoka kabisa, nami pia.