NAICCON: treni, basi au kukodi gari? Na tulale wapi? (kundi la Mombasa na majirani)

Kapteni_Kizingo

Haya jamani, safari ni ya NAICCON, tamasha la vibonzo na mavazi ya wahusika (cosplay) Nairobi. Waliothibitisha ni kumi na mmoja, na kila siku naulizwa kando maswali yale yale mawili, basi tuyamalizie hapa mbele ya wote.

Ukumbi nimeuchukulia kuwa Sarit Expo, Westlands. Wakitangaza kwingine tutageuza mpango. Nataka tufike Ijumaa usiku, tulale siku mbili, Jumapili jioni tugeuze.

Kwa treni, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya kwenda, kwa hiyo 3,000 kwenda na kurudi. Ile ya saa tisa alasiri inaingia Syokimau, stesheni ya Nairobi, kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Kurudi tuna ya saa nne usiku, inafika Miritini, stesheni ya Mombasa, karibu saa kumi, bado giza. Daraja la kwanza ni 4,500 kwa safari moja na sidhani kuna mtu hapa anayelitaka.

Mabasi nimeulizia Mwembe Tayari, wananitajia kati ya 1,200 na 1,800 kutegemea siku na aina ya kiti.

Halafu kuna kukodi matatu ya viti 14. Dereva mmoja amenipa 56,000 kwenda na kurudi, mafuta ndani, atusubiri Nairobi hadi Jumapili.

Malazi: kuna nyumba ya vyumba vitatu Parklands kwa 9,000 kwa usiku, kuna vyumba vya gesti Ngara na mjini kati, na kuna binamu yangu aliyesema tunaweza kumwagika sebuleni kwake Syokimau bure.

Mimi naegemea treni. Tupigeni hesabu.

---

Nauli_Nafuu

Basi la usiku, hakuna mjadala. Unapanda saa tatu, unalala, unaamka Nairobi. Usiku mmoja wa malazi umeokoa. Treni ya alasiri inakula Ijumaa yako nzima, na ukifika lazima ulipie kitanda. Na basi linakushusha mjini, Accra Road au River Road, sio Syokimau ambako bado uko mbali na kila kitu.

---

Binti_Majengo

Kaka Nauli, hiyo ya "unaamka Nairobi" umewaambia waliowahi kushuka River Road saa kumi na moja alfajiri na begi la wigi mkononi? Wanaojua wanabaki ndani ya ofisi ya basi mpaka kupambazuke. Kisha unafika ukumbini na usingizi wa vipande, goti limevimba, na unatakiwa uvae mavazi yenye tabaka nne na usimame kupigwa picha hadi jioni.

Tuko wasichana watano kwenye orodha. Kwetu sisi saa ya kufika ni jambo kubwa kuliko mia tatu za nauli. Nikiruhusiwa kuchagua, nataka kufika mahali penye taa, walinzi na teksi zilizopanga foleni. Hiyo ni stesheni.

Na la pili, mimi sebuleni kwa binamu ya mtu silali. Samahani Kapteni. Chumba cha wasichana chenye ufunguo wake, ama sisafiri.

---

MzeeWaManga

Wanangu, gari la kukodi linapendeza sana kwenye karatasi. 56,000 kwa watu 14 ni 4,000 kila mmoja. Lakini ninyi ni kumi na mmoja, kwa hiyo ni karibu 5,091. Wawili wakijitoa wiki ya mwisho (na watajitoa, si mnajua?) mnaobaki tisa mnalipa zaidi ya 6,200. Treni haina ugonjwa huo. Mwenzako asipokuja, kiti chako bado ni 1,500.

Tena hiyo matatu inatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Hata barabara ingekuwa tupu ni saa sita, na lini mmeiona barabara ile tupu? Malori ya bandarini tangu Mariakani, kuyapita mlimani ni bahati. Dereva akiwaambia saa sita na kusimama kula Mtito Andei, mwulizeni anaendesha kwa mwendo gani, na kama jibu linawaridhisha.

Halafu gari lenyewe litalala Nairobi siku mbili bila kazi na mnalilipia. Dereva naye atakula na kulala kwa pesa ya nani? Hilo liandikwe kabla hamjatoa senti.

---

FundiPovu

Mmesahau mizigo. Nauli zote hizo mnazopiga ni za mtu mwenye begi moja. Mimi nina deraya ya povu la EVA (sponji ngumu), mabawa mawili, na upanga wa futi sita wenye bomba la PVC ndani. Wengine wanne nimewatengenezea vitu vya ukubwa huo huo. Ndani ya matatu ya viti 14 mtakaa watu kumi tu kwa sababu viti vingine ni vya mabawa. Mzee, piga hesabu upya hapo.

Kwenye basi povu linaenda buti, chini ya magunia ya watu. Likitoka huko ni mkate wa jana.

Treni ina nafasi ya mizigo juu ya viti na mwisho wa behewa, lakini kuna ukaguzi. Miritini mizigo inapangwa chini, mbwa wanapita kunusa, kisha mashine, kisha kitambulisho. Vyenye makali havipandi kabisa. Kwa hiyo visu vya kukatia povu, mkasi mkubwa, vyembe, vyote vibaki nyumbani. Kama kuna cha kurekebisha tutanunua kisu Nairobi. Upanga wa povu si silaha, lakini askari kwenye mashine anaona bomba refu, na una haki gani ya kumlaumu akikusimamisha? Uufungue vipande viwili, uufunge kwa leso, ubebe picha ya vazi kwenye simu umwonyeshe. Bunduki za mfano, hata za plastiki, hata zilizopakwa rangi ya chungwa mdomoni, msizilete. Si treni, si basi, si barabarani Westlands. Tutazitengeneza za rangi za ajabu mwaka mwingine.

---

Nauli_Nafuu

Sawa, kwa wenye mabawa naelewa. Mimi naenda na fulana na kofia.

---

Mwenyeji_Parklands

Mimi niko huku Nairobi, niseme kidogo kuhusu mnakofikia.

Syokimau na Westlands ziko pande mbili tofauti za jiji. Zamani hiyo ilikuwa adhabu, hasa Ijumaa. Tangu barabara ya juu ifunguliwe 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, teksi inaingia Syokimau na kuwashusha karibu na Sarit bila kugusa foleni ya Mombasa Road. Kuna ada ya kulipia, muigawe watu wanne kwenye gari na haiumi. Kuna pia treni ndogo ya kuunganisha kutoka stesheni ya Syokimau hadi stesheni kuu mjini, rahisi sana, kisha unatembea kutafuta matatu ya 23 ya Westlands. Mchana na begi dogo ningesema ndiyo. Saa tatu usiku, watu kumi na mmoja na mabawa, hapana.

Ndiyo maana kulala Syokimau bure si bure. Kila asubuhi mtalipa teksi na ada kuja huku, na kila jioni kurudi. Siku mbili za hivyo, gawanya, mmefika bei ya kitanda Parklands, tena mkiwa mmechoka. Na mkivaa mavazi nyumbani mtahitaji magari zaidi, maana mtu mwenye mabawa anakalia nafasi ya wawili.

Ngara ni nafuu na si mbali, lakini vyumba vingi ni vya watu wawili na usiku barabarani kuna kelele. Mjini kati kwa wageni wenye mizigo mikubwa sipendekezi.

Parklands mnatembea kwa miguu hadi Sarit. Mtu akichanikiwa na suruali mchana anarudi nyumbani kushona. Kuna msikiti karibu, na Diamond Plaza iko hapo hapo, chakula cha kila namna na kwa bei ambayo haiwezi kulinganishwa na ya ndani ya ukumbi. Mbebe na sweta. Kama ni mwezi wa saba, nyie watu wa pwani mtalia.

---

Binti_Majengo

Parklands basi. Swali: hiyo nyumba ya 9,000 inaruhusu watu wangapi? Nauliza kwa sababu kuna kundi lililokodi nyumba ya watu sita wakaingia kumi, keyateka (msimamizi wa jengo) akawahesabu mlangoni usiku, wanne wakatafuta hoteli saa sita usiku.

---

Kapteni_Kizingo

Nimemwuliza mwenye nyumba leo. Wanane, na wote waandikwe majina na namba za kitambulisho getini. Jengo hilo hilo lina nyingine ya vyumba viwili, 6,500 kwa usiku, watu watano. Zote mbili kwa siku mbili ni 31,000. Wasichana watachukua ya vyumba viwili, watano kamili, ufunguo wao. Wavulana ile kubwa, na sebule yake ndiyo karakana ya Fundi.

---

TangaLine

Habari za huko ndugu zangu. Sisi wawili wa Tanga bado tunahesabiwa? Tulikuwa tunafikiria kupita Arusha na Namanga, lakini kwetu Horohoro iko karibu zaidi. Tunaweza kuvuka Ijumaa asubuhi, tuingie Lunga Lunga, Likoni, kivuko, kisha tuungane nanyi Miritini. Tunaogopa kukosa treni tu. Pia nauli tutaitumaje huko?

---

MzeeWaManga

Mwanangu, usivuke Ijumaa. Mpakani siku njema ni dakika chache, siku ya mabasi matatu kufika pamoja ni nusu siku, na kivuko cha Likoni nacho kina siku zake. Treni haimsubiri mtu. Njooni Alhamisi, mlale Mombasa. Kwangu kuna chumba, na mama watoto hatakubali mlale kwingine.

Bebeni pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kitambulisho cha Taifa peke yake msikitegemee. Na kadi ya homa ya manjano, mtu huikumbuka akishafika dirishani. Viza hamhitaji.

---

TangaLine

Shikamoo mzee, asante sana. Tutafika Alhamisi.

---

Kapteni_Kizingo

Mnahesabiwa, sasa tuko 13, na nyumba mbili zinabeba watu 13 kamili. 31,000 kwa watu 13 ni kama 2,385. Pesa mnaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Vodacom moja kwa moja kuja M-Pesa ya huku, inabadilishwa yenyewe. Angalieni tu kiasi kitakachofika kabla ya kuthibitisha.

Tiketi za treni nitakata kwa *639#, na kila tiketi inabeba jina na namba ya kitambulisho cha mwenyewe. Ninyi wa Tanga nitumieni namba za pasipoti. Nitumieni kando, SI HAPA. Na mjue ukishaandikwa, huwezi kumpa shemeji yako asafiri kwa jina lako.

Nauli_Nafuu, wewe uko huru kupanda basi lako, kitanda chako Parklands kipo. Lakini usiku wa Ijumaa unalipia hata kama utaupitisha njiani, kwa sababu nyumba inakodiwa yote.

---

Nauli_Nafuu

Basi hakuna nilichookoa. Niandikie treni.

---

FundiPovu

Bado mabawa. Nimepata njia: kampuni za mabasi zinapeleka vifurushi kila siku. Nitaunda sanduku moja la mbao nyembamba, niingize mabawa yote na panga zote, litoke Mombasa Jumatano, Alhamisi liko Nairobi. Likiwa ndani ya mbao hata wakipanga magunia juu halijali. Gharama tunagawana sisi watano wenye vitu vikubwa, si kundi zima. Kwenye treni tunabaki na mabegi ya kawaida, mbwa anusie mahamri tu.

Mwenyeji, unaweza kulichukua?

---

Mwenyeji_Parklands

Naweza, liandikwe jina langu na namba nitakayokutumia. Nipe vipimo kwanza. Gari langu ni dogo, nisije nikafunga sanduku juu ya paa Alhamisi jioni.

---

FundiPovu

Futi nne kwa mbili kwa mbili. Mabawa yanakunjika.

---

Binti_Majengo

Kapteni, kurudi je? Jumapili treni ya saa nne usiku, Miritini saa kumi alfajiri. Wawili wetu wanaingia kazini saa mbili Jumatatu. Na kutoka Miritini hadi mjini saa ile tunapanda nini?

---

Kapteni_Kizingo

Nimezungumza na matatu mbili za mtaani kwetu, zitakuwa getini saa kumi, 150 kila mtu, wasichana wanashushwa kwanza hadi mlangoni. Wanaoweza kuchukua likizo ya Jumatatu wachukue. Asiyeweza na hataki kusafiri usiku anaweza kukata ile ya saa tisa alasiri Jumapili, afike Mombasa usiku huo huo, ila atakosa mashindano ya mavazi kama yatawekwa jioni. Ratiba ikitoka tutajua, na tiketi za kurudi sikati mpaka itoke.

Za kwenda nakata Jumamosi hii. Kila mtu atume 1,500 ya treni pamoja na 2,385 ya nyumba kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Asiyetuma, nafasi inaenda kwa wale watatu wanaosubiri. Wa Likoni wawili bado hamjanijibu.