Jirani kasogeza ukuta: kuna haja gani ya kuanzia baraza la kata?

Mwana Igoma: Jirani kajenga ukuta ndani ya kiwanja changu. Naambiwa baraza la ardhi la wilaya halipokei kesi mpaka kata itoe cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Mtu aliyejenga usiku unamsuluhisha nini? Hii sheria inamlinda mvamizi. Wadau mnasemaje?

Binti wa Kirumba: Kata ni nafuu, kaka. Mawakili hawaruhusiwi, unajieleza mwenyewe. Na huyo ni jirani, mtaendelea kuzikana.

Mzee Sengerema: Kata wanahukumu mwisho milioni tatu, kiwanja chako kitakuwa kimezidi. Nenda wilayani. Wale wazee wa kata soda mbili tu, haki imehama.

Nyakato Kwetu: Soda? Baba yangu alikaa baraza la kata mpaka anazeeka, na nyumba yake haijaezekwa vizuri hadi leo. Omba radhi!

Mzee Sengerema: Ng'wanawane, yaani mwanangu, sijamtaja baba yako. Umeshtuka nini?

Nyakato Kwetu: Umewataja wote, na yeye yumo.

Binti wa Kirumba: Mzee wangu, hiyo milioni tatu ni ya zamani. Marekebisho ya 2021 yaliinyang'anya kata hukumu za ardhi, siku hizi inapatanisha tu. Mwana Igoma, siku 30 zikipita tangu ufungue shauri bila suluhu, unakwenda wilayani hata bila cheti. Tunza karatasi yenye tarehe.

Nyakato Kwetu: Kumbe hawahukumu! Sasa hiyo soda ananunuliwa nani?

Mzee Sengerema: Anayekulazimisha ukubali. Nani kasema mpaka uwe na hukumu ndiyo umuumize mtu?

Ukerewe Ndani: Hapo mzee kasema kweli. Mjane anakalishwa mbele ya mashemeji, anaambiwa "chukua nusu yaishe". Anasaini kwa aibu. Huo si upatanishi.

Binti wa Kirumba: Sheria inataka wanawake watatu kwenye baraza, na hata kikao cha watu watatu lazima mmoja awe mwanamke.

Ukerewe Ndani: Na huyo mmoja akiwa wifi yake? Dada, wewe unasoma sheria, mimi nimewaona wanaosaini. Mjane asikubali nusu ya chake. Aseme hataki, apewe cheti, aende mbele.

Nyakato Kwetu: Atakwenda kwa nauli ya nani? Boti, malazi, wakili. Mnawatukana wazee halafu mnamtuma mama wa watu akafilisike mjini!