Tupeane uzoefu: Uliing'oaje trojani kwenye kompyuta ya nyumbani?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Nimetoka kupambana na trojani, yaani programu hasidi inayojidai ni programu ya kawaida, karibu wiki mbili kwenye kompyuta tunayotumia nyumbani watu wanne. Naomba kila aliyepitia hili aeleze yake: iliingiaje, ulijuaje, uliitoaje, na kama ilirudi, ilirudia mlango gani. Naanza na yangu.

Mdogo wangu alikuwa anatafuta programu ya kugeuza PDF kuwa Word. Akabofya tokeo la juu kabisa, ambalo lilikuwa tangazo, akapakua, akasakinisha. Programu ikafanya kazi. Hati iligeuka vizuri tu, na ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka. Trojani haijisambazi yenyewe. Inasubiri wewe uifungulie mlango, na mara nyingi inakupa kweli ulichokuja kutafuta ili usiwe na sababu ya kuichunguza.

Siku tatu baadaye feni ikaanza kuvuma hata kama hakuna anayegusa kompyuta. Nikifungua Task Manager nione ni nani anayekula prosesa, feni inatulia baada ya muda mfupi na kila kitu kinaonekana shwari. Nikiifunga, mvumo unarudi. Nilirudia hivyo mara tano, sikio likiwa karibu na mashine, ndipo nikaelewa: kilichomo humo kinachungulia kama Task Manager imefunguliwa, na ikifunguliwa kinalala. Kumbe kilikuwa kinamchimbia mtu mwingine sarafu za kidijitali kwa umeme wetu.

Nikaskani kwa Microsoft Defender, antivairasi inayokuja na Windows, ikasema safi. Hapo ndipo nilipopoteza siku mbili nzima. Defender ina orodha ya mahali ilipoambiwa isikague, na kwenye orodha hiyo nilikuta diski C yote imeandikwa. Hakuna mtu nyumbani aliyeiandika. Wakati wa kusakinisha, Windows iliomba ruhusa ya msimamizi, mdogo wangu akakubali, na kwa ruhusa hiyo trojani ikamfumba mlinzi macho. Nawasihi, anzeni na orodha hiyo kabla ya kuamini skani yoyote.

Nikaifuta orodha, nikasasisha Defender, nikachomoa intaneti, halafu nikaendesha ile skani inayowasha mashine upya na kukagua kabla Windows yenyewe haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Ikakamata mafaili mawili ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka vitu vyake. Nikashukuru Mungu, nikalala. Siku ya pili yake nikarudisha intaneti, na feni ikavuma tena.

Mzizi niliupata kwenye Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopangia kazi muda wa kujiendesha zenyewe. Kulikuwa na kazi yenye jina kama la kisasishaji cha kivinjari, iliyopangwa kuamka kila mtu anapoingia kwenye akaunti yake, ikiita PowerShell, programu ya Windows ya kuendesha amri za maandishi, ivute faili jipya kutoka mtandaoni. Kisasishaji halali hakina haja ya kuita PowerShell kwa mstari mrefu wa herufi zisizosomeka. Nikaifuta, nikaskani tena. Leo ni siku ya sita, kimya. Nywila zote nimebadilishia kwenye simu, si kwenye kompyuta ile.

Karibuni.

Mtunza Vitabu

Pole sana ndugu. Yangu ilikuja kwa barua pepe, na ilinitisha zaidi kwa sababu ilikuwa jibu la mazungumzo ya kweli niliyokuwa nayo na mteja. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamenukuliwa chini yake. Kiambatisho kilikuwa hati ya Word, na nilipoifungua ikasema niruhusu makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya hati, ili maandishi yaonekane. Nikaruhusu. Hakuna maandishi yaliyoonekana.

Moyo uliniambia kuna kitu. Nikazima Wi-Fi pale pale, nikampigia mteja, akasema hajanitumia chochote. Yeye ndiye aliyekuwa ameambukizwa kwanza, na barua zake zilikuwa zimesomwa. Nikapiga simu benki wafunge huduma ya mtandaoni kwa muda kabla hata sijagusa skani. Naomba wengine mlizingatie hilo: trojani za aina hii zinawinda akaunti za watu, na ukihangaika na mashine kwanza unaweza kuisafisha huku pesa zimeshaondoka.

Tangu 2022 Microsoft inazuia makro za hati zilizotoka mtandaoni bila kukuuliza. Kwa hiyo wenye Office ya zamani, kuweni waangalifu zaidi.

Mpita Njia

Mimi nilipiga Windows upya. Kabla ya hapo nikahamishia kila kitu kwenye diski ya nje, nikafomati, nikarudisha. Baada ya siku mbili hali ikawa ile ile. Nilikuwa nimerudisha folda nzima ya Downloads, na mle ndani kile kisakinishi kilikuwepo. Mwenzetu wa nyumbani akakiona, akakifungua tena. Rudisheni picha na hati, programu pakueni upya kwa wenyewe.

Fundi wa Zamu ya Usiku

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na ujanja wenyewe haujabadilika tangu mwaka 1989, pale diski za sumaku zilipotumwa kwa posta kwa watu wengi zikijidai ni programu ya maelezo kuhusu UKIMWI. Ilikuwa inahesabu mara kompyuta inavyowashwa. Ikifika mara 90 inaficha folda na kuvuruga majina ya mafaili, kisha inadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta Panama. Maelezo ya UKIMWI yalikuwemo kweli, kama ilivyogeuza PDF ile ya mwanzisha mada.

Mteja akiniletea mashine, siiwashi kwa Windows yake. Naandaa flashi ya uokoaji, yenye mfumo wake na antivairasi yake, kwenye kompyuta safi, nawasha kwa flashi hiyo, naskani trojani ikiwa imelala. Ikiwa macho inaweza kumzuia mkaguzi, au kujirudisha unapoifuta. Baada ya hapo ndipo naingia Windows na kufungua Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayoonyesha karibu kila kitu kinachojiwasha chenyewe: rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), huduma, kazi zilizopangwa, viongezo. Naficha vya Microsoft, nabaki na vichache, naangalia visivyo na saini ya mtengenezaji na vinavyokaa AppData au Temp. Kuweni na macho kwenye herufi. svchost.exe ni ya Windows na makao yake ni System32, nimeshakuta scvhost.exe, herufi mbili zimebadilishana nafasi, na mteja alikuwa ameiangalia mwezi mzima bila kugundua.

Faili ukilitilia shaka lipeleke VirusTotal, injini nyingi zitalikagua kwa mara moja. Ila usipeleke hati zako za siri, kwa sababu kinachopakiwa pale wengine wanaweza kukiona. Wala usirundike antivairasi mbili zinazolinda muda wote, zitagombana na mashine itakuwa nzito kuliko ilivyokuwa na trojani.

Kuhusu kupiga Windows upya, mimi siogopi kusema: kama trojani ilipata ruhusa ya msimamizi na ikakaa wiki, ni njia salama kuliko kusafisha. Mwanzisha mada umefanya kazi nzuri, lakini kwa mashine yenye akaunti za benki ningeipiga upya.

Mwanzisha mada

Nimekuelewa fundi. Hofu yangu ni picha za marehemu mama, ziko humo tu.

Fundi wa Zamu ya Usiku

Pole sana. Basi zitoe kwanza kwa kuwasha na flashi, nakili picha peke yake, na uhakikishe kila moja inaishia na .jpg kweli. Ruhusu Windows ionyeshe viendelezi vya majina, maana kwa kawaida huvificha, na faili la picha.jpg.exe litasomeka picha.jpg. Weka nakala mbili mahali tofauti. Ukishaona zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo ufomati.

Kijana wa Gemu

Nilipakua kitu cha kudanganyia kwenye gemu. Maelekezo yake yalisema nizime antivairasi kwanza kwa kuwa "itasumbua", nikazima. Kwa dakika chache tu akaunti yangu ikawa ya mtu mwingine.

Kilichonishangaza ni kwamba nilikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Haukusaidia, kwa sababu trojani iliiba vidakuzi vya kivinjari, vile vinavyoiambia tovuti kuwa wewe umeshaingia. Mwizi hakuhitaji nywila wala msimbo. Halafu nikafanya kosa la pili: nikabadilisha nywila nikiwa kwenye kompyuta ile ile, na hiyo mpya nayo ikaenda. Nilipopata akili nikatumia simu, nikabofya ile sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote, nikabadilisha ya barua pepe kwanza, kwa sababu akaunti nyingine zote zinarejeshwa kupitia hiyo. Akaunti ya gemu niliipata baada ya siku tisa. Vitu nilivyokusanya ndani yake kwa miaka minne havikuwepo.

Mgeni Hapa

Samahani kuingilia. Defender yangu inaniandikia Trojan:Win32/Wacatac.B!ml kila nikiwasha. Nabofya ondoa, inasema imeondolewa, kesho inarudi. Nifanyeje? Naogopa hata kuiwasha.

Fundi wa Zamu ya Usiku

Usiogope. Hiyo "!ml" mwishoni ina maana Defender imelitilia shaka faili kwa mfumo wa kujifunza wa mashine, kwa hiyo inaweza kuwa trojani kweli au faili salama lililofanana nayo. Fungua historia ya ulinzi, bofya tukio lenyewe, soma mstari unaoonyesha faili liko wapi na tarehe yake. Tuandikie hapa.

Mgeni Hapa

Inaonyesha folda ya Downloads, ndani ya faili la zip. Ni fonti nilizopakua mwezi uliopita, ila ndani yake kuna faili la .exe. Sikuwahi kulifungua.

Fundi wa Zamu ya Usiku

Fonti hazihitaji .exe. Bila shaka Defender inashindwa kutoa kipande kimoja ndani ya zip, ndiyo maana inalalamika kila siku. Futa zip yote, futa na kwenye pipa la taka, kisha endesha ile skani ya kabla ya Windows kuamka. Na angalia ile orodha aliyoisema mwanzisha mada.

Mgeni Hapa

Nimefuta. Orodha ni tupu. Skani imemaliza, hakuna kilichokutwa. Nimewasha mara tatu, hakuna ujumbe. Nipo kwenye simu sasa hivi nabadilisha nywila ya barua pepe. Asanteni sana.